Barua kwa Walioadimika

Mpwa wangu ana duka la steshenari Tabora mjini. Kwa miaka mingi amechapa maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi na mihtasari ya vikao, na kila aliyetaka kazi yake ipelekwe kwa mtandao aliandika anwani yake katika kaunta buku moja lenye jalada jekundu. Sasa kijana ametengeneza programu ya kompyuta ya kuwasaidia wauza asali na vyama vya ushirika vya tumbaku kuandika mizani na madeni. Akaamua kuwaandikia wote waliomo kwenye lile buku. Kabla ya kutuma, akaniletea barua.

"Shikamoo mjomba. Naomba unisahihishie Kiswahili tu. Mengine yote tayari."

Kiswahili tu! Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: "Mpendwa mteja wetu wa thamani, tunayo furaha kukutangazia uzinduzi wa suluhisho jipya." Kila neno ni la Kiswahili, na sijapata kumsikia Mswahili aliyefungua kinywa akasema hivyo. Nikamwambia aniachie mpaka jioni. Barua ikakaa kwangu wiki mbili, maana kila neno nililoligusa lilikuwa na chumba cha ndani. Nawe unayesimama barabarani kusoma vibao vya maduka na kuguna, karibu tuingie pamoja.

Tuanze na mteja. Katika kamusi za zamani mteja ni mtu aliye mikononi mwa mganga: mgonjwa anayetibiwa, au anayepungwa pepo. Hakuja kununua kitu akaondoka nacho. Alikuja kupona, na alirudi hadi apone. Duka liliazima neno hilo kilingeni na halijalirudisha. Kisha zikaja simu. Yule dada asiyechoka ametuambia mara nyingi mno kwamba mteja tunayempigia hapatikani, hata vijana wa Nairobi wakaligeuza neno: mtu akizima simu, "yuko mteja". Na mitaani kwetu, likikatwa kichwa, teja ni kijana aliyetekwa na dawa za kulevya. Anayetibiwa, anayenunua, asiyepatikana, aliyetekwa. Neno limetembea mbali, kisha limerudi kukaa jirani na kwa mganga.

Mteja abaki. Kilichonikwaruza ni hiyo "wa thamani". Kitu cha thamani hufungiwa kabatini. Muuza nyanya sokoni hamwiti mtu mteja wa thamani. Humwita "mteja wangu", na hiyo "wangu" ndiyo thamani yote.

Nililipima pia neno mshitiri, la pwani ya zamani, lenye asili ya Kiarabu, nikalisikitikia. Angani tunayo sayari ya Mshtarii, kubwa kuliko zote, na kwa Kiarabu jina la sayari hiyo na neno la mnunuzi hutamkwa vilevile. Lugha iliyoweza kumwona mnunuzi usiku wa mbingu safi imeiachia sayari peke yake jina hilo. Lakini barua ya biashara si jumba la makumbusho. Ukimwita mkulima wa tumbaku wa Urambo mshitiri, atadhani ametukanwa kwa adabu.

Mlaji, neno la maofisa, nililipita haraka. Linafaa kwa unga na mafuta ya kupikia. Programu hailiwi, na katika Kiswahili chetu cha Tanzania anayekula kitu kisicho chakula huwa anatafutwa na wakaguzi.

Basi mtumiaji. Hapa kaa kidogo. Kutumia ni kutuma kuliko na kiambishi tumboni: ukikitumia kitu, umekituma kikufanyie kazi. Barua hutumwa, programu hutumiwa, na mzizi ni mmoja. Humo humo wamo mtume, mtumishi, matumizi, na yumo mtumwa. Kwa umbo lake mtumwa ni mtu aliyetumwa tu. Hakuna mnyororo ndani ya silabi zake. Mnyororo ulitiwa na historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa. Tabora ilikuwa njia panda ya msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita zipatazo 1,200, na sokoni kwake zilipita pembe na walipita watu.

Kando ya mtumwa, katika njia ileile, alitembea mpagazi, na wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira. Jina lao limetokana na kupagaa, yaani kubeba begani. Pepo naye akimkalia mtu hupagaa, na mtu huyo amepagawa. Kwa hiyo msamiati wetu wa biashara, ukiufukua, una mteja anayepungwa, mpagazi anayepagaa, na barua iliyo pepe. Mpwa wangu anadhani anauza programu.

Nimemwachia "watumiaji". Napenda kwamba katika neno hili mtu ndiye mwenye kutuma na chombo ndicho kilichotumwa. Iwapo baadaye chombo kitaanza kumwita mwenyewe kila dakika kumi kwa mlio, tutazungumza upya nani ni nani.

Sasa sifa. Kijana ameandika "wateja wa zamani". Hapo nilishika kalamu nyekundu. Mume wa zamani si mume. Waziri wa zamani hana gari la serikali. "Wa zamani" ikifuata cheo hukivua. Ukimwambia mtu "wewe ni mteja wetu wa zamani" umekwisha kumfukuza kabla hujamkaribisha. Sema "mteja wetu wa siku nyingi": uhusiano ungalipo, na siku ndizo mashahidi wake.

Lakini wamo katika kaunta buku watu ambao hawajakanyaga dukani kwa miaka minne. Hao tuwaiteje? Watu wa masoko husema "wateja waliopotea", kana kwamba ni ng'ombe wa kutangaziwa mnadani. Na bado Kiswahili kina "umepotea" yake, yenye upole wa ajabu. Tukikutana baada ya mwaka mzima nakuambia "umepotea!", hata kama asiyetembelea ni mimi. Ni lawama yenye kukumbatia. Hata hivyo, ikiandikwa inapoteza sauti, na sauti ndiyo iliyokuwa inakumbatia.

Ndipo nikalikumbuka lile jingine: umeadimika. Kuadimika kunatokana na neno la Kiarabu la kukosekana. Kiswahili kikaliongezea bei. Kitu adimu ni kitu kisichoonekana mara kwa mara, na kwa hiyo ni ghali. Neno moja linabeba mambo mawili: hatukuoni, na tunakuthamini. Lile "wa thamani" la mpwa wangu, lililokuwa limesimama nje ya sentensi kama mgeni asiyealikwa, limeshaingia ndani kimyakimya. Napendekeza rasmi, mbele yako na mbele ya BAKITA wakipenda: mteja ambaye hajaonekana kwa muda mrefu aitwe mteja aliyeadimika.

Kuhusu kukaa muda mrefu, wenyeji husimulia kwamba jina la Tabora lenyewe linatokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikawa vigumu kama vijiti. Hukaa miezi. Anayevila haulizi kama vimeoza. Anajua vilikauka kwa makusudi. Nilimtajia mpwa wangu. Akasema, "Sasa mjomba usije ukaniambia niwaite wateja matobolwa." Nikakanusha, ingawa kweli lilikuwa limenipitia.

Orodha au daftari? Yeye ameandika "orodha ya barua pepe". Orodha ni majina yaliyosimama mstarini. Inaweza kuwa ya wanafunzi, ya wadaiwa, ya waliofariki. Daftari ni nyumba ya majina. Neno lilitujia kwa Kiarabu, Waarabu nao wakalipata mbali zaidi, na mwanzoni kabisa, kwa Wayunani, lilikuwa ngozi, ngozi ya mnyama iliyoandaliwa. Nani aliandikwa juu ya ngozi kisha akafutika kirahisi? Daftari la wateja, basi. Na kwa kuwa lake ni kaunta buku halisi, lenye madoa ya chai, hana hata haja ya kufikiria tamathali.

Majina yale ameyapata mwenyewe, mtu mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Nasisitiza hili kwa sababu yapo madaftari ya namna nyingine: majina elfu kumi yaliyonunuliwa kwa mtu aliyeyanunua kwa mtu. Kwa hayo nina jina, na linatoka njiani hapahapa. Mtumba ulikuwa robota la vitambaa lililofungwa kwa safari, mzigo wa mpagazi mmoja, kilo thelathini hivi. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Orodha ya kununua ni majina ya mtumba. Yamevaliwa. Ukiyanusa yana jasho la muuzaji mwingine.

Neno barua linatokana na Kiarabu, na huko lilikuwa hati ya kumwachilia mtu na dhima, cheti cha kuwa huru na deni au lawama. Hatulikumbuki hilo tunapopokea barua za benki. Waraka, mwenzake, ni karatasi tu, tena katika ukoo wa jani la mti. Ningefurahi kuona waraka ukitumika zaidi, lakini serikali imeshaumeza: waraka siku hizi hutoka wizarani ukiwa na namba.

Kuhusu pepe. Aliyeunda "barua pepe" alistahili zawadi. Pepe iko jirani na upepo na kupepea, ni fupi, inajirudia kama mbawa, na imekubalika hata na watu wanaochukia istilahi. Lakini mkulima wa mpunga ana pepe nyingine. Kwake pepe ni punje isiyo na kiini, ganda tupu linalofanana na punje. Mtu asiyetulia naye huambiwa aache mapepe. Kwa hiyo jina hilo lilizaliwa na onyo lake ndani: barua hii inaweza kuruka, na inaweza kuwa ganda tupu. Barua pepe nyingi ninazopokea zimetimiza maana zote mbili.

Na kwa bahati njema mkulima huyohuyo ana dawa: ungo. Wataalamu wana maneno marefu ya kuondoa anwani zilizokufa, zilizorudiwa, zilizokosewa herufi. Sisi tuseme kupepeta daftari. Kuchekecha kungefaa kama tungetenganisha wakubwa na wadogo. Kuchambua kungefaa kama tungetoa kimoja kimoja kwa vidole, kama mboga. Kupepeta ni kurusha juu kidogo, kuuachia upepo uchukue pepe, na kukinga kilicho na uzito. Nilimwambia atume kwanza salamu fupi kwa watu wachache wachache, aone zipi zinarudi. Huo ndio ungo.

Barua isiyotakiwa imepewa jina la barua taka, na sina ugomvi nalo, ila naomba ulitazame tena. Taka ni uchafu, na taka ni kitenzi. Barua taka ni ile ambayo kila sentensi yake inataka: inataka ubonyeze, inataka ununue, inataka uharakishe. Hesabu vitaka katika barua yako kabla hujaituma. Ile ya mpwa wangu ilikuwa na saba.

Sheria nayo imetuletea maneno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mwenye kaunta buku vyeo ambavyo hakuvijua: yeye ni mkusanyaji, na pengine ni mchakataji. Mkusanyaji ni safi. Mchakataji hunisisimua kidogo, kwa kuwa katika mashamba ya Tanga kinachochakatwa ni mkonge: jani huingia mashineni likiwa bichi, nyuzi hutoka upande huu na maji ya kijani upande ule. Ukisikia kwamba taarifa zako zinachakatwa, hujui wewe umetoka upande gani.

Lakini sheria ina neno moja linaloniridhisha kweli, na hilo ni ridhaa. Tungeweza kupewa ruhusa, neno la mlangoni: mkubwa humpa mdogo. Tungeweza kupewa idhini, lenye mhuri. Ridhaa hutoka moyoni. Ndugu zake ni radhi za wazazi, kuomba radhi, kuridhika, na hata mchezaji wa ridhaa, anayecheza kwa kupenda bila mshahara. Aliyetoa anwani yake ili apelekewe cheti chake cha kuzaliwa, je, alitoa ridhaa ya kuuziwa programu? Hapana. Alitoa anwani. Ndiyo maana barua ya kwanza inapaswa kuwa ya kuomba radhi na kuomba ridhaa kwa pumzi moja, na Kiswahili kimekwisha kuyaweka hayo mawili katika nyumba moja.

Uzinduzi sasa. Kuzindua ni kumwamsha aliyezimia au aliyezama usingizini. Pia kuna kuzindika, kuiwekea nyumba au shamba kinga ya dawa, na ukiliangalia kwa jicho la mnyambuliko, kuzindua kunaonekana kama kulifungua lililozindikwa, kama kufunua na kufunika. Neno zito, la usiku. Sisi tumelipeleka mchana kweupe, tukalifunga utepe na kulitafutia mgeni rasmi. Mpwa wangu hana utepe wala mgeni rasmi. Ana kompyuta mbili na feni. Watu wa pwani wangesema anashua chombo. Tabora hakuna maji ya kushulia jahazi. Watu wa msafara walifunga safari, na walifunga kwelikweli, kamba na mizigo. Nikamshauri neno ambalo kila mwenye kibanda hulisema asubuhi: tumefungua. "Tumefungua huduma mpya." Mtu akisikia mmefungua, huja kuchungulia. Akisikia mmezindua, hudhani mchango unakuja.

Suluhisho nililikata kwa mstari mnene. Suluhu ni ya waliogombana. Tunasuluhisha wanandoa, wenye mipaka ya mashamba, vyama vya siasa. Nikamuuliza kijana: programu yako imemkuta nani akipigana na nani?

"Mjomba," akasema, "umewahi kusimama kwenye mizani siku ya soko la tumbaku?"

Nililirudisha. Mstari wangu mwekundu bado uko pale karatasini, nami nimeuandikia pembeni: libaki.

Kuhusu programu yenyewe sina mengi. Nimewahi kuona "maunzi laini", neno lililopimwa kwa rula ya Kiingereza. Laini ni kitambaa, laini ni ugali uliozidi maji, na laini, kwa bahati nyingine kabisa, ni kadi ya simu. Tukifika dukani tukaomba maunzi laini tutauziwa kitu kingine. Wazee wa njia hii walipoletewa pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani hawakuunda kamati. Waliiita merikani, wakaipima kwa doti na kwa shuka, wakaifanya fedha. Programu ni merikani yetu. Iacheni ipimwe na kuvaliwa.

Kampuni changa? Changa ni tunda la kutema. Chipukizi ni bora, na ni bora kuliko wanaolitumia wanavyojua. Mche hutoka kwenye mbegu na hauna historia. Chipukizi huweza kutoka kwenye kisiki: mti wa miombo ukikatwa, mizizi iko palepale, na shina hutoa vichwa vyekundu. Anayeanza biashara mpya akiwa na daftari la miaka kumi hajapanda mche. Duka la steshenari ndilo kisiki, na namtakia kisiki hicho kisife, kwa kuwa bado nachapisha hapo.

Sasa tufike kwenye bei, mahali ambapo njia ya msafara imetuachia hasara na hazina. Hasara: hongo. Ilikuwa ada ya kupita. Msafara ukiingia Ugogo ulimlipa mtemi vitambaa, hesabu ikajadiliwa siku kadhaa, ngoma ikalia, ukapita. Ilikuwa kodi yenye jina. Leo hongo ina bango ofisini la kuikataza. Posho nayo ilikuwa chakula cha mpagazi, na sasa ni bahasha ya kikao. Maneno haya yalibeba mizigo halali hadi yalipoitua mahali pasipojulikana.

"Tunakupa ofa kabambe," ameandika. Mtanzania akisikia ofa anaangalia nani analipa. "Leo ofa yangu" maana yake ni kaa, kunywa, usitoe pochi. Punguzo ni punguzo; liitwe hivyo.

"Siku 30 bure." Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, na halina kosa la kisarufi. Bure ni pasipo malipo, na bure ni pasipo faida. Mtu bure ni mtu asiye na maana. Nimehangaika bure, maana yake nimehangaika nikarudi mikono mitupu. Siku thelathini bure! Mteja aliyeadimika kwa miaka minne anakaribishwa arudi apoteze mwezi mzima. "Majaribio bila malipo" ni sahihi, na ni baridi kama sakafu ya zahanati.

Hazina ni hii: mali kauli. Wafanyabiashara wa Tabora walichukua vitambaa, shanga na baruti kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Taria Topan, aliyemkopesha hata Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa mmoja wa wakuu wao. Mali ilikwenda bara, pembe zilirudi pwani, na kati yake kulikuwa na miezi mingi ya kungoja. Mfanyabiashara wa hapa naye aliweza kumpa mwenzake mzigo aende nao mbele zaidi, kwa neno tu. Chukua mali, kauli yako ndiyo dhamana. Na neno halijafa. Nenda leo kwa muuza duka la jumla, muulize machinga yule aliyebeba mikanda begani ameinunua kwa fedha gani. Atakuambia: mali kauli. Akiuza, atalipa.

Tazama lilivyo sahihi. Si bure, kwa kuwa malipo yapo. Si mkopo, kwa kuwa hakuna riba wala fomu. Si jaribio, kwa kuwa kitu ni chako tangu leo na unakitumia kweli. Kilichosimama kati ya mwuzaji na mnunuzi ni kauli, na ndicho kitu pekee ambacho mpwa wangu na watu wa daftari lake wamewahi kupeana. Kwa hiyo badala ya "siku 30 bure" nimeandika: "Ichukue kwa mali kauli mpaka mwisho wa msimu. Ikikufaa, tutalipana." Ametikisa kichwa. Anasema programu zina saa ndani, hazijui msimu. Nikamwambia aifundishe.

"Bofya hapa," yasema barua, na sikuigusa. Istilahi chache za kompyuta zimeokotwa vizuri kama hii. Kubofya ni kubonyeza kwa vidole kitu laini, tunda hasa, kujua kama limeiva. Miembe mikongwe ya njia ya msafara bado ipo, na chini yake hadi leo wako akina mama wanaouza kwa fungu, na wako wanunuzi wanaobofya maembe matano ili wanunue mawili. Anayebofya hajanunua. Wanaohesabu mibofyo na kushangilia wamewahi kuuza maembe?

Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga: "Jiondoe." Aliyeliandika anadhani ni adabu, lakini "jiondoe hapa" ndiyo tunayomwambia mlevi msibani. Kwetu mgeni haondoki, mgeni anaaga. Akiaga husindikizwa hatua chache. Na wanaoaga wakiagana, Kiswahili kimekwisha kuweka mbegu nyingine hapo: kuagana ni kupeana kwaheri, na kuagana ni kufanya agano. Nimeandika, kwa herufi za ukubwa uleule wa barua: "Ukipenda kuaga, bofya hapa. Jina lako tutalifuta daftarini, na mlango hautafungwa."

Kichwa cha barua tulibishana kidogo. Mimi nilitaka kirangozi, yule kiongozi aliyetangulia msafara na bendera yake, akijipamba ili wa vijijini wamwone kabla ya mizigo. Mstari wa kwanza unaoonekana kikashani ndio kirangozi wa barua, nadhani hilo ni wazi. Kijana akaandika "YAH:", kama barua zote za Tanzania zinazoheshimika, kisha "Za siku nyingi". YAH: ZA SIKU NYINGI. Nilicheka hadi nikakohoa. Akaiacha hivyohivyo, na nakiri kwamba kirangozi wangu angevaa manyoya mengi kupita kiasi.

Barua ilitoka Jumatatu, kwa watu kumi na watano wa kwanza waliotiwa kwenye ungo. Nne zilirudi, anwani zimekufa. Mmoja aliaga, kwa heshima. Jioni likaja jibu kutoka kwa mama mmoja wa Sikonge, muuza asali, ambaye jina lake liko ukurasa wa tatu wa kaunta buku. Mpwa wangu akanisomea kwenye simu:

"Na wewe za siku nyingi, umepotea. Nimebofya, nimeona. Mali kauli naikubali. Ila mwanangu, hiyo programu inakula bando sana?"

Bando. Neno la Kiingereza la kitu kilichofungwa pamoja, robota, mzigo wa mtu mmoja, limekuja kuwa kipimo chetu cha intaneti, nasi tunalinunua kwa siku na kwa wiki. Na programu inalila. Mlaji niliyemfukuza kwenye ukurasa wa kwanza kumbe alikuwa upande wa pili.

"Mjomba, uko hewani? Nimjibu nini?"

"Mwambie linalika kidogo," nikasema. "Na kabla ya yote mjibu hiyo 'umepotea'."